Majivu Niliyoyamwaga Goweko

Idrisa mwanangu,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, maana kesho asubuhi nyumba itakuwa na vurugu na sijui kama tutapata nafasi ya kuamkiana vizuri. Sasa hivi umekwenda kunyolewa, baba yako yuko uani anaziba pancha, na mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni na daftari lako la zamani la hesabu, lile ambalo kurasa zake nyingi hukuzigusa. Nimeanza baada ya adhuhuri. Nikimaliza kabla jua halijazama nitakuwa nimejitahidi, kwa sababu hili jambo nimelianza mara nyingi kichwani na sijawahi kulimaliza.

Mengi ambayo akina mama huwaandikia watoto wao nayaruka. Chandarua kiko kwenye sanduku. Sabuni umenunua mwenyewe, na mtu mwenye stashahada ya ualimu hahitaji kukumbushwa kuoga. Kuswali unajua, kula unajua kupita kiasi. Mimi nataka kukuandikia juu ya majivu.

Cheka ukimaliza kusoma. Wewe ni mtoto wa Ipuli, wa hapa mjini, umekulia kwenye gesi na mkaa. Shangazi yako Nyamizi anapika kwa kuni. Unajua kwamba ni mama lishe pale karibu na stesheni ya Igalula, lakini hata nyumbani kwake ana jiko kubwa la udongo, la kuchochea kwa mbele, lenye bomba la bati linalotoka juu ya paa. Hayo nimeambiwa na baba yako. Mimi mwenyewe sijafika. Igalula ni hapo tu, mtu anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kila baba yako anapokwenda kumwona dada yake mimi huwa naumwa kichwa, au nina mgeni, au nimeloweka nguo. Ulipokuwa kidato cha pili uliniuliza mbona siendi kwa shangazi, nikakwambia nauli. Haikuwa nauli.

Sasa shule uliyopangiwa iko huko huko, na Nyamizi aliposikia alipiga simu siku hiyo hiyo. Alisema, "Wifi, mtoto hawezi kupanga chumba wakati mimi nipo. Mlete, chumba cha uani kiko wazi." Nikamwambia ahsante. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mchele, tukaagana. Nilipokata simu nilikaa na ile simu mkononi mpaka chai ikapoa, kwa sababu kuna neno nilipaswa kumwambia miaka ishirini na mitano iliyopita na hata siku ile halikutoka.

Nianze na kazi yenyewe, halafu nitafika huko.

Asubuhi moja utaona jiko limejaa jivu mpaka kuni hazishiki, nawe utataka kumsaidia shangazi yako. Vizuri. Usitoe majivu ya moto uliozimika jioni ile. Majivu yanadanganya, juu yamekuwa meupe na yametulia, chini kuna kaa linaloweza kukaa hai mpaka kesho kutwa. Weka mgongo wa mkono karibu, usiguse, usikilize joto. Kama yamepoa, funga mlango na dirisha ili hewa itulie. Chovya vidole kwenye maji unyunyize kidogo, kama mtu anayetaka kupiga pasi nguo ngumu. Usimwage maji, jiko la udongo litapasuka na majivu yatakuwa uji. Debe lisogeze mpaka liguse mdomo wa jiko. Debe la bati, siyo ndoo ya plastiki. Chota kidogo kidogo, shusha chepe ndani ya debe mpaka chini ndipo uliinamishe. Ukimwagia kutoka juu, vumbi litapanda na utalikuta kwenye kope, kwenye sukari, na kwenye kanzu uliyoitundika chumba cha pili. Funika debe kwa gunia bichi. Na usikombe yote. Acha jivu la unene wa kidole pale chini, ndilo litakaloshika moto wa kesho.

Halafu kabla hujatoka nje, simama mlangoni uangalie upepo unakwenda wapi.

Haya yote nimejifunza baada ya kuyakosea yote kwa asubuhi moja.

Niliolewa na baba yako nikiwa na miaka ishirini, nikapelekwa kwao Goweko kukaa na bibi yako hadi baba yako apate pa kuishi hapa mjini. Baba yako wakati huo alikuwa kibarua wa kupanga madaraja ya tumbaku, wiki nzima hayupo. Mimi nilikuwa binti wa mjini hasa, wa nyumba yenye sakafu ya saruji, ambayo mama yangu alikuwa akiipiga deki mara mbili kwa siku. Nilifika kwa bibi yako na masanduku mawili na vitambaa vya kufunika viti, na viti vyenyewe havikuwepo.

Bibi yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Aliniangalia nikipepeta, aliniangalia nikitwanga, na jioni nilimsikia akimwambia jirani kwamba huyu wa mjini hatamaliza kiangazi. Nililia. Aliyenikuta nikilia ni Nyamizi. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mcheshi, mtu wa kucheka huku ameziba mdomo na kiganja. Nilimwambia nataka kurudi kwetu. Akakaa karibu yangu, akaniambia, "Wifi, mama yuko hivyo kwa kila mtu. Hata mimi amenizaa na bado hajanizoea." Tukacheka wote wawili.

Nilimpenda tangu siku ile, na nilitaka kumfanyia jambo. Mama yangu mdogo alikuwa na duka la ushonaji hapa mjini, vyerehani vitatu. Nilimtumia salamu, akakubali kumpokea Nyamizi akae kwake ajifunze. Bibi yako alikubali pia, shingo upande, lakini alikubali. Ilikuwa aondoke baada ya mavuno ya viazi. Nyamizi alikwisha kuanza kukata magazeti ya zamani kwa mfano wa magauni, anayapima mwilini mwake uani, na mimi ndiye niliyekuwa kioo.

Viazi vikavunwa. Unayajua matobolwa, unayala kila mwaka, lakini hujawahi kuona kazi yake: viazi vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa kwenye vichanja mpaka vikauke viwe vigumu kama mbao. Hicho ndicho chakula cha miezi ile ambayo ghala linaonyesha sakafu. Mwaka ule tulichemsha siku nne mfululizo. Vichanja vitatu vilijaa nyuma ya jiko, vipande bado vibichi, vinang'aa.

Asubuhi ya siku ya tano bibi yako alitoka mapema kwenda bondeni kumwagilia vitalu vya tumbaku. Nyamizi akaenda kisimani. Nikabaki peke yangu, na nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nitamwonyesha mama mkwe usafi ni nini. Nikaingia jikoni. Kazi ya kutoa majivu ilikuwa ya Nyamizi, na mimi niliona siku zote anaifanya nusu nusu. Anachota kidogo, anabakiza. Nikadhani ni uvivu. Sikuuliza. Bibi yako kila usiku alikuwa akifukia kisiki cha moto ndani ya jivu ili asubuhi aamshe moto bila kiberiti, na mimi sikujua hata hilo. Nikakitoa kile kisiki nikakizima kwa maji. Nikakomba jivu mpaka udongo wa chini ukaonekana, nikafagia na ufagio mkavu, nikajaza beseni, na jikoni kote kukawa ukungu. Nikakohoa, nikajiona shujaa.

Nikatoka na beseni langu mpaka shimo la taka nyuma ya jiko, nikalimwaga kwa nguvu, kutoka usawa wa kiuno, uso wangu ukiutazama upepo wa kiangazi. Nilifumba macho vumbi liliponipiga. Nilipofumbua nikageuka nyuma, vichanja vyote vitatu vilikuwa vyeupe.

Matobolwa mabichi yananata, mwanangu. Nilichukua kanga nikajaribu kuyapangusa, nikazidi kuyapaka. Nikaonja kipande kimoja. Kilikuwa kichungu mpaka ulimi ukafa ganzi. Nikasikia Nyamizi anaimba akija na ndoo kichwani, na badala ya kumkimbilia nilikimbilia ndani. Nilikaa kitandani nikakunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

Bibi yako naye alirudi wakati huo huo, kabla jua halijawa kali. Kwanza alikuta moto wake umekufa. Halafu akazunguka nyuma. Hakupiga kelele. Nilimsikia akisema, "Nyamizi, njoo." Nami nikatoka, kwa sababu kubaki ndani kungenionyesha. Nyamizi alisimama pale na maji bado yanamchuruzika usoni, anatazama vichanja.

"Nani kafanya hivi?"

Nyamizi aliangalia beseni lililokuwa limeegemea ukuta. Halafu akaniangalia mimi. Nilikuwa na jivu kwenye nywele za mbele, Idrisa, pale kitambaa kilipoishia. Nililikuta jioni nilipofungua kitambaa changu. Lilikuwa limezunguka paji la uso lote. Bibi yako macho yake yalikuwa kwenye vichanja, lakini Nyamizi aliliona. Aliniangalia muda mfupi tu, halafu akamgeukia mama yake.

"Ni mimi, mama. Sikuangalia upepo."

Na mimi, mama yako, ambaye nimekuchapa kwa uongo wa kipande cha sukari guru, nilimsogelea mama mkwe wangu nikamwambia, "Pole, mama."

Hilo neno ndilo ninalolisikia mpaka leo. Nilimpa pole kama jirani aliyepita njia. Bibi yako alinishika mkono, akaniambia nikapumzike, kazi ya kusafisha ataifanya aliyeiharibu. Ilikuwa mara ya kwanza kunishika mkono tangu nifike.

Nyamizi alikwangua vile vichanja mpaka alasiri. Mengi tuliwapa nguruwe wa jirani Mkristo, na hata wao walisita. Jioni ile bibi yako akasema cherehani basi. "Mtu haoni upepo, ataona sindano?" Wiki mbili baadaye Nyamizi alipelekwa Nzega kwa mjomba wao, aliyekuwa na mke mgonjwa na watoto wadogo. Alikaa huko miaka sita. Alipokuwa anaondoka alinikumbatia, akaninong'oneza, "Usilie mbele yake, wifi. Utakaa tu." Nami nikakaa. Baba yako alipata chumba mjini, wewe ukazaliwa, na bibi yako mpaka anakufa alinisifu kwa watu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alisema ni yeye. Nadhani alihesabu haraka haraka: mimi nikisemwa, narudishwa kwetu, yeye akisemwa, ni binti wa nyumba, atagombezwa yatakwisha. Hakujua kwamba cherehani itakwenda na maji. Mimi nilipojua ilikuwa bado mapema. Kulikuwa na siku kumi na nne nzima za kufungua mdomo, na kila siku nilijiambia kesho. Bila Nyamizi pengine nisingekuwa mke wa baba yako, na wewe usingekuwepo wa kuandikiwa. Nakwambia wazi, wala sipunguzi neno.

Tumekutana mara nyingi tangu hapo. Kwenye mazishi ya bibi yako nilijificha kwenye masufuria siku tatu. Yeye ndiye aliyenifuata na kikombe cha chai, akasema, "Wifi, kaa chini, miguu imekuvimba." Hajawahi kunigusia jambo lile. Angeligusia mara moja tu, hata kwa utani, ningeponea hapo. Wema wake ndio ulionifanya nimkimbie.

Na kuna lako pia. Ulipokuwa na miaka minane ulibeba jiko la mkaa ukalipindua sebuleni, jivu likatapakaa kwenye mkeka. Nilikugombeza kama umeua mtu. Ulisimama umeshika masikio, na mimi sikuweza kunyamaza. Baba yako akatoka chumbani kuona kulikoni. Nilikuwa simgombezi mtoto wa miaka minane, mwanangu, nilikuwa nagombeza msichana wa miaka ishirini mwenye jivu kwenye nywele. Lakini masikio yalikuwa yako. Nisamehe. Usafi wangu huu mnaoucheka, wa kupangusa hata kifuniko cha chupa ya chai, ulianzia pale, na mmeubeba ninyi.

Kwa hiyo sina mawaidha mengi ya kumpa mwalimu mpya. Nina moja. Utakuwa na darasa la watoto sitini, kitu kitavunjika, na mmoja atasema upesi, "Ni mimi, mwalimu." Anayekiri upesi namna hiyo, usimwamini mara moja. Muulize tena, taratibu, na uangalie nani kati ya wenzake anatazama chini. Bibi yako angeuliza mara ya pili tu, mimi ningesema. Naamini hivyo, ingawa mtu hujiamini zaidi akiwa mbali na tukio.

Jana nilimwambia baba yako. Nilidhani atakasirika. Aliweka chini kikombe, akasema, "Miaka yote hii mimi namwona dada yangu mzembe." Akatoka uani. Hiyo pancha anayoziba sasa hivi aliiziba jana pia. Lakini mchana huu aliniita akaniambia, "Mama Idrisa, umefanya vizuri kusema," na akala chakula chote, basi najua tutapona.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango mwingine. Nilitaka uifunge kwenye begi, na ukishamzoea shangazi yako umsomee kurasa hizi, au umwambie kwa maneno yako, wewe una ulimi mtamu. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona ninachokifanya. Nilimwachia Nyamizi abebe, na sasa nataka kukubebesha wewe, siku yako ya kwanza kazini, na begi zito tayari. Hapana. Sitafanya hivyo mara mbili.

Nimemtuma mtoto wa jirani stendi akaongeze nafasi moja kwenye gari la asubuhi. Tutakwenda wote. Barua hii utaikuta juu ya mto wako, uisome usiku huu. Kesho ukiamka utanikuta nimevaa, usinishangae, na usiniulize kama kichwa kinaniuma. Kitaniuma. Nitakuja hivyo hivyo.

Sijui atanipokeaje. Pengine atacheka ameziba mdomo kama zamani, aseme haya yalikwisha. Pengine atasema yale aliyoyanyamazia miaka ishirini na mitano, na ana haki ya kuyasema yote na mimi nikakaa nikayasikia. Lakini moyo wangu ni mwepesi leo kuliko siku nyingi, na nadhani ni kwa sababu mwanangu anakwenda kula na kulala kwa mwanamke mwema kuliko wote ninaowajua.

Tukifika, wewe shusha mizigo, msalimie, umwambie shikamoo shangazi, halafu nenda kaone chumba chako cha uani, panga vitabu vyako polepole. Mimi nitaingia naye jikoni. Ukisikia kimya, usije. Ukisikia mmoja wetu analia, usije vilevile. Njoo tukikuita kula.

Mama yako